Kocha wa Timu ya Waru

Baada ya kila mashindano, hata tuwe tumetoka Kisumu na mvua inanyesha, Kocha alimpeleka kila mmoja wetu mpaka getini kwao. Hakukubali ushuke stejini ujiendee. Alibisha mwenyewe, akangoja mzazi atoke, akavua kofia, ndipo akasema, "Mama Wambui, nimemrudisha." Basi. Akigeuka ameondoka. Mama yangu alimkaribisha chai miaka nenda miaka rudi na hata siku moja hakuingia. "Huyu mwalimu wenu," mama alisema, "anarudisha watu kama sufuria za jirani."

Kama nimeshinda au nimeshindwa, hilo hakulitaja pale getini. Medali kama ipo ningeionyesha mwenyewe. Kwake mashindano hayakuisha refa alipoinua mkono, yaliisha getini. Mtu huyu alitaka jambo moja tu, kutupeleka mkekani na kuturudisha nyumbani tukiwa wazima, na kwa ajili ya hilo alikuwa tayari tushindwe sote, kila mwaka, mpaka watu watucheke. Na walitucheka sana.

Kazi yake ya kumpa ugali ilikuwa kushona turubai za malori. Alikuwa na kibanda upande wa viwandani hapa Nakuru, na mikono yake ilikuwa mipana, migumu, yenye harufu ya nta na mafuta. Mikeka yetu ya judo aliishona mwenyewe, turubai kuukuu juu, magunia ya maranda chini. Ukiangushwa, vumbi la mbao linatoka kwenye mshono na kukupanda puani, kwa hiyo mtu alikuwa anaangushwa kwanza, halafu anapiga chafya. Ukumbi tuligawana na kwaya ya kanisa. Wao walikuwa upande wa jukwaa wakirudia ubeti uleule kuhusu amani, sisi upande wa mlango tukikabana koo. Hakuna aliyeona ajabu.

Hiyo timu ya waru ni jina tulilopewa na wengine. Siku ya mashindano, wakati timu nyingine zinarukaruka na kujipiga makofi mashavuni ili wapate moto, Kocha alitukalisha nyuma ya ukumbi tukiwa tumezunguka debe la waru. Kila mtu kisu chake. Ulitakiwa umenye kiazi kimoja kwa ganda moja, jembamba, refu, lisilokatika mpaka mwisho. Likikatika, hukemewi.

"Bado uko na haraka," anakwambia. "Chukua ingine."

Wale wa timu zingine walipita wakitupigia kelele. "Timu ya waru! Na chapo mmebeba?" Mimi mara ya kwanza nilikasirika mno. Nilimwambia nimemenya viazi nyumbani tangu nijue kushika kisu, na sikujiunga na judo ili nije kumenya vingine hadharani.

"Huko nyumbani unamenya na hasira," alisema. "Hapa menya na akili."

Maana yake nilikuja kuielewa mkekani. Katika judo unamshika mwenzako koti, naye anakushika lako, na woga wa mtu huanzia vidoleni. Ukiogopa, unakamata lile koti kama aliyening'inia kisimani. Dakika mbili hazijaisha, mkono umekuwa gogo, vidole havifunguki, na kifua nacho kimejifunga kwa sababu mkono umejifunga. Watu wanasema wameishiwa na pumzi kwa kuwa hawakukimbia mazoezini. Kocha alisema pumzi haiishi, inanyongwa, na anayeinyonga ni wewe. "Shika kama umeshika yai la jirani," alituambia. "Lako ukivunja ni hasara. La jirani ni kesi." Kumenya waru kulilegeza vidole kabla ya pambano kuliko maneno yoyote. Wanaume ndio waliteseka. Tulikuwa na jitu moja lililochonga mawe kule machimboni, linaweza kukubeba na mkeka wako, na kiazi chake kilikuwa kinatoka na pembe nne. Mwisho wa siku viazi vyote vilichemshwa, tukala na chumvi na pilipili, na wale waliotucheka ndio walikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Alikuwa na maneno machache na aliyatumia hadi yakachakaa. Lililokuwa maarufu ni hili: woga ni mgeni, mpe kiti, usimpe kitanda. Kila mtu mpya alisikia. Ukienda chooni mara ya nne kabla hujaitwa, ukipiga miayo kama mtu aliyekesha matangani, ukihisi magoti si yako, anakuja kukaa kando yako.

"Amefika?" anauliza.

"Amefika, Kocha."

"Mpe kiti. Asikae kifuani. Mwonyeshe pale kwa ukuta."

Na wewe unajikuta unatazama ukutani kweli, kama kuna mtu ameketi pale. Hakuwahi kutuambia tusiogope. Waliomwambia mtu asiogope aliwaita waongo mbele ya refa, mbele ya mchungaji, mbele ya yeyote.

Kuhusu kuhifadhi nguvu alikuwa mchoyo kupindukia. Alichukia kuona mtu anapigana muda wote. "Umlalie," alisema. "Mpe kilo zako abebe, wewe pumzika. Tega sikio. Akianza kuhema kwa mdomo, sasa ndio kazi." Niliwahi kupambana Eldoret na msichana mwenye mabega mapana kama mlango, akanisukuma huku na huku mpaka watu wakaanza kunihurumia. Tulipoangukia chini nikamlalia kifuani nikasikiliza. Kwanza pua. Halafu pua. Halafu mdomo. Kutoka kwenye kiti chake Kocha alisema, "Haya," kwa sauti ya mtu anayeombwa apitishe chumvi, na nikamkaba yule dada akapiga mkeka kusalimu amri.

Sasa msidhani huyu alikuwa mtu mtulivu. Huo ndio uongo mkubwa aliotuuzia. Mkewe, ambaye sisi vijana tulimwita Mathe, alinieleza kwamba tangu jana yake ya mashindano Kocha hakuweka kitu tumboni, na asubuhi alitapika maji matupu nyuma ya choo. Pambano likianza hakuangalia uso wa mtu wake. Aliangalia miguu tu. Kule Bahati, nje ya mji, alikokuwa akiishi, alikuwa na ugomvi wa miaka na jirani mwenye jogoo, na kila mara jogoo akiwika yeye alijibu kwa matusi kupitia ua. Na alikuwa anaogopa sindano. Mtu anayeshika sindano ya turubai ndefu kama kiganja kutwa nzima, akimwona nesi na ile ndogo, jasho linamtoka. Aliwahi kujikata kidole gumba mpaka mfupa ukaonekana, akafunga kwa kipande cha turubai akaendelea kushona. Hospitali alisema ni pahali pa wagonjwa.

Lakini kilichotuumiza sisi ni mizani.

Kwenye judo mnapangwa kwa uzito, na kila timu Kenya nzima ina watu wanaojikausha ili washuke daraja. Wanakimbia na masweta matatu, hawanywi maji, wanatema mate chupani, halafu wakishapimwa wanakula na kupambana na wadogo wao. Sisi tulifanya kinyume. Kocha hakutupima kamwe. Hakuwa na mizani, na aliandikisha kila mtu daraja la juu ya lake, na siku ya kupimwa alisimama nje akitupa mgongo. Tulikula asubuhi, tukanywa uji, tukaenda kurushwa na watu waliotuzidi kilo tano, saba. Ndiyo maana tulishindwa.

Ilipofika majaribio ya timu ya taifa, Nairobi, nilikuwa na kilo hamsini na nne. Daraja langu lilikuwa hamsini na mbili. Kilo mbili tu, jamani, hizo ni siku chache bila chumvi. Nilimwomba. Nilimwomba vizuri, nikamwomba vibaya. Akaniandikisha hamsini na saba. Nilishinda mapambano yangu yote hadi la mwisho, na la mwisho nikalaliwa na mwanamke mzito, mjuzi, aliyefanya kila kitu ambacho Kocha alikuwa amenifundisha. Alinipa kilo zake nibebe. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka mdomoni, nikajua naye ameisikia.

Aliyechukua nafasi ya hamsini na mbili nilikuwa nimemwangusha mara nyingi tu. Kocha alinirudisha getini. "Mama Wambui, nimemrudisha." Sikumuaga.

Kesho yake nilipanda Bahati na hasira zangu zote. Hakuwa nyumbani. Mathe alikuwa anakamua ng'ombe, akanisikiliza bila kusimamisha mikono, nikamaliza, nikalia, akamaliza kukamua. Ndipo akaniambia.

Kabla yangu kulikuwa na kijana kutoka Kihoto, kule Naivasha, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya maua. Wepesi wake haukuwa na mfano. Siku hizo Kocha alikuwa kocha kama wengine, tena mkali kuwashinda, na alikuwa na mizani. Alikuwa na mzaha wake pia. Akimrudisha mtu getini alisema, "Nimemrudisha, hesabu vidole," na wazazi wakacheka. Yule kijana alitakiwa aingie kilo sitini naye alikuwa amezidi. Kocha akamkimbiza juani amevaa makoti na mifuko ya plastiki ndani. Maji akamnyima. Usiku kijana aliomba barafu alambe, Kocha akamwambia kesho. Asubuhi mizani ikasoma sitini kamili, watu wakapiga makofi. Katika pambano la pili kijana akaketi katikati ya mkeka kama mtu aliyechoka na safari. Refa akamwambia ainuke. Hakuinuka tena.

"Tulimpeleka kwao na jeneza," Mathe alisema. "Mama yake akasema lifunguliwe hapo nje. Watu wakakataa, akasema lifunguliwe. Akashika mkono wa mtoto wake akaanza kuhesabu vidole. Mbele ya watu wote. Akashika ule mwingine. Akafika kumi. Akamwangalia huyu mzee wangu akamwambia, 'Vimetimia.'"

Mathe akafunika maziwa. "Hiyo hasira yako ni haki yako," akaniambia. "Lakini hiyo mizani hutaiona."

Sikuacha timu. Timu ya taifa nayo sikuipata tena, maana miaka haingoji mtu, na kusema kweli mpaka leo inaniuma. Nilimwelewa na bado iliniuma, hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu na hayakuwahi kupatana.

Nilipoanza kupeleka mayai madukani kwa probox yangu, kigari cha mizigo, Kocha alinifanya dereva. Mara moja kwa mwaka, msimu ukiisha, tulibeba gunia la waru za Bahati tukateremka nalo Kihoto. Yule mama alitupokea mlangoni, hakutabasamu, hakununa. Aliuliza swali lilelile.

"Mwaka huu wote wamefika nyumbani?"

"Wote, mama."

"Haya."

Hapo ndipo anapokea gunia. Kila mwaka nilimwona Kocha akijibu "wote" na kila mwaka nilimwona akishusha pumzi, mzee mzima, kama mtu aliyengoja kengele ya mwisho. Nadhani aliishi kwa ajili ya neno hilo. Angalikosa siku moja kulisema, sijui angerudi vipi barabarani.

Mwaka ambao maji ya Ziwa Naivasha yalipanda tulikuta geti la yule mama limesimama peke yake ndani ya maji, na nyuma yake mabati ya paa. Kocha alisimama ukingoni na viatu vyake vikaloa, asijue pa kubisha. Tulizunguka tukiuliza mpaka tukampata kwenye uwanja wa kanisa, amekaa juu ya godoro lake, amezungukwa na vitu vya watu. Alitazama gunia.

"Umeleta waru," alisema. "Sufuria nimewaachia viboko." Halafu akauliza lile swali. Hata hapo aliuliza.

Safari iliyofuata Kocha alikuwa amekonda. Nilipomtania kwamba Mathe amemnyima chakula, alisema ni meno. Baadaye akasema ni vidonda vya tumbo. Chakula kilikuwa kinakwama, anameza kwa kusukuma na maji, na bado hakwenda hospitali kwa sababu ya ile sindano. Mtu aliyetufundisha sote kumwonyesha woga kiti, yeye alimjengea nyumba. Niliwahi kumwambia hivyo kwa hasira na akacheka mpaka akakohoa. Alipokubali hatimaye, daktari alisema tungekuja mapema. Wao husema hivyo, lakini safari hii ilikuwa kweli.

Nilimkuta wodini asubuhi moja, nesi akiwa ndio anamshusha kwenye mizani. Mizani! Nilitazama kando, kama yeye alivyokuwa akifanya. Alirudi kitandani akishikilia chuma, shati linamning'inia, akakaa muda mrefu akivuta pumzi.

"Wambui," akasema. "Leo nimesoma sitini."

Nilimwekea mto mgongoni.

"Sitini kamili. Na maji nilikuwa nakunywa." Akatazama mikono yake, akawa kama anajikemea. "Nilimwambia kesho. Si ungempa tu barafu, mtu mzima wewe? Barafu haina hata uzito."

Nilikaa kitandani kando yake. Nilitaka kumwambia ni zamani, Mungu amesamehe, yale maneno watu husema wodini. Lakini yeye ndiye aliyetufundisha kutodanganya anayeogopa.

"Mgeni amefika, Kocha?" nikamuuliza.

"Amelala," akasema. "Hapa kwa kitanda, na viatu." Akashika mkono wangu, na akaushika kwa nguvu, vibaya, kama wanaoanza. "Sitaki kuisha huku. Nikiisha huku sijafika nyumbani. Yule mama atakuuliza, na wewe utasema nini?"

"Legeza mkono," nikamwambia.

"Nirudishe, Wambui."

Daktari hakupinga. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kuandika dawa ya maumivu. Mathe alitangulia kutandika, mimi nikatoa trei za mayai kwenye probox, nikalaza kiti cha mbele, nikaweka mito. Kutoka mjini hadi Bahati si mbali, lakini niliendesha kama nimebeba mayai ya kaunti nzima. Kila tuta nilisimama kabisa. Nilitega sikio. Pua. Pua. Baada ya Maili Sita ikawa mdomo, nikasimamisha gari kando ya barabara.

"Pumzika," nikamwambia. "Nipe kilo zako. Mimi ndio nabeba."

Alifunga macho. Malori yalitupita yakiwa na turubai zake, nyingine bila shaka alizishona yeye. Baada ya muda pumzi ikarudi puani na akaniashiria kwa kidole niende.

"Utamwambia wa Kihoto?" akauliza tulipoacha lami.

"Nitamwambia wote."

Mathe alikuwa amesimama nje ya geti, leso kiunoni. Jogoo wa jirani aliwika na Kocha hakutukana, hapo ndipo niliogopa kabisa. Nilimshika kwapani, tukapiga hatua zile chache, uzito wake wote ulikuwa kwangu na ulikuwa mdogo mno. Nilivua kofia yangu.

"Mathe," nikasema, "nimemrudisha."

Kocha aliinua mikono yake miwili, akainyoosha mbele ya mkewe.

"Hesabu," akasema.

"Wacha hiyo maneno, mzee."

"Hesabu vidole."

Neno hilo hakuwa amelitamka tangu jeneza la Kihoto. Mathe aliitazama ile mikono, kisha akaichukua na kuanza kuhesabu kwa Kikuyu, kwa sauti, akigusa kidole kimoja kimoja, na kile gumba chenye kovu akakishika kidogo kabla ya kuendelea. Kocha alimtazama usoni muda wote. Alipofika kumi, Mathe hakusema kama vimetimia. Alimkumbatia kiunoni akamwingiza ndani.

Aliishi siku chache baada ya hapo, kwenye kitanda chake, na sikumwona tena. Lakini siku hiyo Mathe alirudi mlangoni akaniita.

"Ingia, Wambui. Chai iko."

Nilitaka sana kuingia. Nilivaa kofia, nikageuka, nikaondoka.